Kifungo cha Koti Chini ya Hadubini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku mbaya. Ila nashukuru, nimeimaliza nikiwa bado na maabara.

Asubuhi, kwenye kikao cha wafanyakazi wote, Mama Mkuu wa shule ametangaza kwamba Ijumaa ya wiki ijayo bodi inakuja kukagua vyumba. Akasema maabara ya biolojia haitumiki sana. Kisha akasema viti vya ukumbi havina pa kulala. Sentensi mbili, moja nyuma ya nyingine. Mtu hahitaji shahada kuziunganisha.

Nikamtazama mtunza stoo. Bwana Viti (jina nimempa mimi, shule nzima imelipokea) alikuwa anatafuna njiti ya kiberiti, ametulia kama mtu aliyekwisha kushinda. Mchana akaja na tepu yake ya kupimia. Akapima maabara yangu nikiwa ndani! Akaniomba ninyanyue miguu. Nikainyanyua. Kwa nini nimeinyanyua?

Nikaenda kwa Mama Mkuu kujitetea. Mimi ni fundi wa maabara mwenye uzoefu, na nilikuwa nimepanga maneno ya busara. Yaliyotoka ni mengine. Nilimwambia tunakaribia kupokea mashine mpya kabisa, inayofanya vijidudu ving'ae kama taa kwenye giza totoro. Akakaa sawa kwenye kiti. Akauliza iko wapi. Nikasema iko safarini.

Hakuna mashine. Kuna picha tu, kwenye kitabu chakavu cha hadubini: kijidudu cha majini kinang'aa kama dhahabu, nyuma yake weusi mtupu. Kitabu kinauita mwanga wa uwanja mweusi. Kinasema zipo lenzi maalumu za kazi hiyo, ambazo hatuna wala hatutapata. Lakini chini kabisa, kwa maandishi madogo, kinasema mwenye hadubini ya kawaida anaweza kujaribu kwa kiduara cheusi.

Kiduara cheusi! Hiyo ndiyo mashine yangu.

Namshukuru sana aliyeandika hayo maandishi madogo. Mungu amzidishie wino.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekisoma kitabu huku wanafunzi wakichemsha majani. Jambo lenyewe ni jepesi kiasi cha kutia aibu. Siku zote mwanga wa hadubini unatoka chini, unapita kwenye tone la maji, unaingia jichoni moja kwa moja. Kila kitu cheupe. Kijidudu kisicho na rangi kinapotelea humo humo. Sasa ukiziba mwanga wa katikati, unabaki wa pembeni tu, unaokuja mshazari na kulikosa jicho. Jicho linaona giza. Kijidudu kikikaa njiani, kinaudaka ule mwanga wa pembeni na kuurusha juu. Kinang'aa!

Ni kama vumbi la chumbani. Hulioni mpaka jua lipenye kwenye ufa wa dirisha. Mke wangu amenionyesha vumbi la namna hiyo miaka yote, nami nikidhani ananisema kwa kutofagia.

Nimekata kiduara cha karatasi nyeusi. Nimekibandika kwenye kipande cha plastiki angavu kutoka kwenye boksi la shati. Nimekiweka chini ya lenzi ile ya chini inayokusanya mwanga, mahali pa kuwekea vioo vya rangi. Nikachungulia.

Kijivu. Rangi ya maji yaliyooshea sufuria. Kiduara ni kidogo, mwanga unavuja pande zote.

Nimeanza kuihofia bodi. Kiongozi wake ni mwenyekiti. Hata jina la cheo lina kiti ndani yake! Bwana Viti ana viti, bodi ina mwenyekiti, mimi nina stuli moja na mguu wake umelegea.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo kiduara kikubwa. Kikubwa cha uhakika.

Giza. Giza la kweli, la kaburini. Hakuna kijidudu, hakuna maji, hakuna lolote. Nilifurahi kama dakika nzima nikidhani nimefaulu, mpaka nikakumbuka kwamba kitu fulani kilipaswa kung'aa.

Nikakata kingine cha kati. Giza. Kidogo zaidi. Giza. Hapo nikaelewa: balbu imeungua, na aliyeiunguza namjua. Nikatoka mbio kumtafuta. Nimemkuta Bwana Viti koridoni, juu ya ngazi, anabadilisha balbu. Ushahidi mikononi! Nikamwambia najua anachokifanya. Akasema ndiyo, anabadilisha balbu. Akaniuliza kama na mimi nahitaji, maana ana ya ziada inayofaa hadubini, aliiweka kando tangu zamani kwa ajili yangu. Akanipa. Akanifutia na vumbi.

Nikaibadilisha. Giza vilevile.

Kumbe kile kilango kidogo cha kubana mwanga nilikuwa nimekifunga mwenyewe. Kitabu kinasema kwa uwanja mweusi lazima kiwe wazi kabisa, maana mwanga wa pembeni ndio kila kitu. Mimi nilikuwa nimeziba katikati kwa karatasi na pembeni kwa kilango, kisha nikaenda kumlaumu mtu wa ngazi.

Nashukuru kwa balbu. Lakini kwa nini aliiweka kando? Mtu mwema hapangi wema mapema hivyo. Nitamwangalia.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Karatasi imekataa. Inajikunja kwa joto la taa, inageuka kama kikombe.

Mke wangu ni fundi cherehani, anashonea nyumbani, ana kopo zima la vifungo. Nikamwomba kifungo cheusi, bapa, cha kadiri. Hakuuliza cha nini. Miaka ya kuishi na mimi imemfundisha kutouliza mapema. Nashukuru kuwa na mke wa aina hii. Natamani ningestahili.

Kifungo kimekaa sawasawa. Nikachungulia. Weusi mzuri ajabu, na katikati yake taa nne zinanitazama usoni! Nikaruka nyuma, stuli ikaachana na mguu wake.

Kifungo kilikuwa na matundu manne. Bila shaka kina matundu. Ni kifungo.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimefaulu!

Asubuhi nyumbani, karibu na cherehani, kulikuwa na koti jeusi linalosubiri kumaliziwa, na sahani ya chai yenye vifungo vyake. Vipana, vyeusi tii, uso mzima bila tundu, vina kikonyo tu kwa nyuma cha kupitishia uzi. Nikaazima kimoja. Koti ni la Mama Mkuu, la kuvaa siku ya bodi, lakini nitakirudisha kabla. Mtu ataazima wapi kitu chenye uso mzima siku hizi?

Nikakikata kile kikonyo kwa kisu. (Hilo la kikonyo nitalifikiria baadaye.) Nikakibandika kwa gundi chini ya plastiki. Nikapandisha lenzi ya chini hadi karibu iguse slaidi. Nikafungua kilango wazi. Nikatumia lenzi ya kukuza kidogo, maana zile kubwa zinapokea hadi mwanga wa pembeni na kuharibu giza. Nikakisogeza kifungo kidogo kidogo mpaka weusi ukalingana pande zote.

Nyota! Anga nzima ya nyota! Nikapiga ukelele. Darasa la jirani likapiga makofi bila kujua kwa nini.

Nikaisafisha slaidi ili nyota zionekane vizuri zaidi. Zikatoweka zote. Lilikuwa vumbi. Uwanja mweusi hausitiri aibu ya mtu: kila chembe, kila alama ya kidole, kila mkwaruzo unawaka. Slaidi niliyodhani ni safi ilikuwa chafu kama ubao wa mbele wa darasa la kwanza.

Nimeamua kuibeba hadubini nyumbani nikafanye mazoezi Jumamosi na Jumapili. Nimeifunika kwa taulo ili mtu asijue. Nilipofika getini, nani akatokea? Bwana Viti. Akatazama taulo, akasema hadubini hubebwa kwa mikono miwili, mmoja chini. Akaibeba mwenyewe hadi mlangoni kwangu. Njia nzima hakuniuliza kitu. Jasusi wa hali ya juu.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimegundua kiumbe kipya!

Tone la maji ya kopo la maua. Kirefu, cha buluu, kimejikunja kama herufi, kinawaka kama waya wa jiko la umeme. Hakimo kwenye kitabu. Nimekichora. Nimekipa jina langu na la ukoo.

Nikamwita mke wangu ashuhudie. Akachungulia kidogo. Akasema ni uzi wa sare za shule, amezishona wiki nzima, umejaa kila mahali hata kwenye mchuzi.

Nimefuta jina la ukoo.

Akauliza kama nimekiona kifungo cha koti la Mama Mkuu. Alivihesabu mwenyewe, sasa kimoja hakipo. Nikamsaidia kukitafuta. Tumenyanyua mkeka, tumesogeza kabati, nimeingia uvunguni na tochi. Nilitafuta kwa bidii hadi nikaanza kuamini kweli kimepotea. Yeye akajilaumu kwa uzembe. Nikamfariji. Nimejisikia vibaya sana, na pia mwenye huruma sana, kwa wakati mmoja.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mama mkwe anaishi nasi tangu macho yake yaanze ukungu. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, si kazi kubwa. Amekataa. Mke wangu amembembeleza mpaka amechoka. Jibu ni lile lile: ameshaona vya kutosha, vilivyobaki atahadithiwa. Mwanga unamuumiza, kwa hiyo anakaa pembeni na kitambaa kichwani, anachambua mchele kwa vidole.

Leo nimepata mafanikio kamili. Slaidi nimeisugua kwa spiriti hadi ikalia. Tone dogo, jembamba, kutoka chini ya kopo la maua ambako maji yamekaa. Na humo, Bwana! Wadogo wa mviringo wanazunguka kama pia. Mmoja mrefu mwenye nywele mdomoni, zinapepea na kuzunguka kama gurudumu. Wote wanawaka peke yao kwenye weusi. Nilisahau bodi. Nilisahau hata Bwana Viti.

Nikapiga kelele. Mama mkwe akauliza nimeungua wapi. Nikasema sijaungua, nimeona. Akasema naye aone. Nikamwambia kwa adabu kwamba kifaa hiki kinahitaji macho makali, mama asijichoshe. Akaja akipapasa meza, akanisukuma kwa kiuno, akainama.

Akavuta kitambaa nyuma, akaweka jicho. Nikaanza kumwonea huruma. Nikatafuta neno.

“Kuna kitu kinatembea,” akasema.

Mke wangu akasimamisha cherehani.

“Kinatembea wapi, mama?”

“Hiki hapa. Kinang'aa. Kinakwenda, kinarudi, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.” Akacheka. “Na huyu mwingine anakula. Mtazameni anavyokula! Nani amewawashia taa?”

“Mimi, mama,” nikasema.

“Ahsante, baba,” akasema. Hakutoa jicho.

Huenda ni kwa sababu kule ndani hakuna mwanga wa kumchoma, giza tu na hicho kinachong'aa. Mimi si daktari, sijui. Ninachojua ni kwamba alikaa pale hadi chai ikapoa, akituhadithia sisi. Sisi ndio tuliohadithiwa! Mke wangu aliingia jikoni na kufungua bomba la maji bila kuosha chombo chochote.

Nimeshukuru leo bila kupanga. Ilinijia tu.


Jumanne, tarehe 11 Machi

Tatizo: mama mkwe haachii hadubini.

Jana ilibidi niirudishe shuleni. Akauliza inarudi saa ngapi, kana kwamba ni mtoto wa shule. Jioni nikairudisha nyumbani. Leo vilevile. Bwana Viti anabeba kwenda, anabeba kurudi, mkono mmoja chini. Mama mkwe amemkaribisha chai, amemwonyesha “watoto wake”. Jasusi akachungulia. Akasema, “Salaale.” Akachungulia tena. Nikamkumbusha kwamba muda ni mali.

Nikiwa mezani nakula na kulalamika kimoyomoyo, mama mkwe akaweka kijiko chini.

“Ile hospitali ya macho,” akasema, “mnanipeleka lini?”

Mke wangu akamuuliza amesema nini. Akasema tumesikia. Kama tone la maji lina mambo yote yale, basi uani kuna mangapi? Na sura ya mkwe wake hajaiona vizuri tangu ukungu uingie, japo kwa hilo hana haraka.

Mke wangu akaniangalia kwa namna ambayo hajaniangalia kwa siku nyingi. Kisha akasema maskini, angekuwa na furaha kamili kama asingepoteza kifungo cha watu.

Nilikaribia kusema. Nikanywa maji badala yake.


Alhamisi, tarehe 13 Machi

Maandalizi yamekamilika.

Hadubini nimeizungushia boksi kubwa la kadibodi, nikaacha tundu la jicho tu. Boksi nimelipaka rangi ya fedha. Nimeandika MASHINE. Imeonekana ya bei kubwa. Kama wakiuliza imetoka wapi, nitasema ng'ambo. Ng'ambo ni kubwa, hawatauliza sehemu gani.

Bwana Viti alipita, akatazama boksi. Akasema kwa upole kwamba bila boksi inapendeza zaidi, na pia taa itapata hewa. Nikamjibu kwamba kila mtu ashike fani yake. Akasema sawa, Mtaalamu. Mpaka sasa sijui kama hilo jina ni sifa.

Mke wangu ameshindwa kupata kifungo cha kufanana na vile vingine. Koti limekwenda na pini.


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Niandike yote, kwa mpangilio.

Nimewasha taa asubuhi na mapema ili isije ikanigomea. Ndani ya boksi, bila hewa. Tone la maji nililiweka wakati wageni wanapanda ngazi, lisikauke. Nikahakikisha: weusi safi, wadudu wanacheza. Nikafunga mfuniko, nikasimama wima.

Bodi ikaingia. Mwenyekiti ni mzee mnene, mpole, amechoka na vyumba. Mama Mkuu amevaa koti jipya, limempendeza, kifuani pini moja inametameta mahali pa kifungo. Nyuma yao Bwana Viti na tepu yake.

Mama Mkuu akasema hii ndiyo mashine mpya aliyowaeleza. Mwenyekiti akauliza imetoka wapi. Nikasema ng'ambo. Akauliza ng'ambo gani. Nikasema ile ya mbali. Akainama kuchungulia.

Ndani ya boksi kukasikika: tak.

“Ala!” Mwenyekiti akarudi nyuma huku amefumba macho. “Si mlisema giza? Hili ni jua la saa sita!”

Joto. Gundi imelainika. Kifungo kikadunda mezani, kikapenya chini ya boksi, kikaanguka sakafuni na kubingirika bila haraka, kwa mstari ulionyooka, mpaka kwenye kiatu cha Mama Mkuu.

Akakiokota. Akakitazama. Akatazama kifua chake. Akanitazama mimi.

“Mashine mpya,” akasema, “ni kifungo changu?”

Niliutafuta uongo. Naapa niliutafuta kila kona ya kichwa, na kichwa kilikuwa kitupu kama ukumbi wakati wa likizo.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Hiyo ndiyo mashine yote. Nyingine ni hadubini ile ile ya siku zote. Na boksi.”

Mama Mkuu akanishikisha kifungo mkononi.

“Kirudishe,” akasema. “Tuone.”

Nikalivunja boksi mbele yao. Aibu iliyoje kulivunja boksi ulilolipaka rangi mwenyewe! Bwana Viti akanipa kipande cha plasta kutoka mfukoni. Nikabandika. Nikapandisha lenzi, nikafungua kilango, nikakisogeza kifungo mpaka giza likalingana. Mikono ilijua njia. Imeipita mara nyingi, kwa ajili ya mama mkwe.

Mama Mkuu akainama. Pini yake ikagonga meza.

“Wanapumua,” akasema kwa sauti ndogo, si ile ya vikao. “Mwenyekiti, njoo uone, wanapumua.”

Mwenyekiti akaja kwa tahadhari, akakaa juu ya stuli niliyoifunga mguu kwa kamba. Hakuondoka tena. Wajumbe walipanga foleni, wakachungulia, wakarudi nyuma ya foleni. Jiko halikukaguliwa. Mpishi wa shule ametuma salamu za shukrani.

Mwishowe Mwenyekiti akasema amekagua shule nyingi, zote zinamlilia mashine, na leo ni mara ya kwanza kuonyeshwa kifungo. Chumba kibaki kama kilivyo. Kisha akamgeukia Bwana Viti: lakini vile viti je, si ulipima, vinaingia humu?

Nikafumba macho. Chumba kinameza viti vyote vya ukumbi, na mwenyekiti juu yake.

“Haviingii, mzee,” akasema Bwana Viti bila kupepesa. “Nilipima mara mbili. Hata nusu yake haviingii.” Akaendelea kutafuna njiti yake.

Alipotoka nilimfuata koridoni. Nikamwambia ahsante. Akanigonga begani na ile tepu, akasema kesho atakuja kuutengeneza mguu wa stuli.


Jumamosi, tarehe 15 Machi

Habari zilinitangulia nyumbani. Jana jioni mke wangu alifungua mlango, akaniwekea mezani koti lililotumwa na Mama Mkuu pamoja na kifungo chake, kisha sindano na uzi. Akakaa mbele yangu na chai yake.

Kifungo nilichokikata kikonyo hakishoneki! Nilijaribu gundi, akatikisa kichwa. Nikakitoboa kwa msumari wa moto, nikaunguza kidole, nikajichoma sindano mara zisizo na idadi. Alikaa mpaka uzi wa mwisho. Kisha akasema angenipa kifungo chochote duniani kama ningeomba. Chochote. Akasema kazi yake ni vifungo. Hapo ndipo nilipojisikia mdogo kuliko wale wadudu, na bila taa.

Nikamwomba radhi. Akakubali, lakini si papo hapo. Alisubiri hadi asubuhi, ili nijue.

Leo koti limerudi kwa Mama Mkuu. Bwana Viti ametengeneza stuli, na kwa mpira mweusi wa kuvisha mguu wa kiti amenikatia kiduara kipya, cha mviringo kamili, hakiyeyuki, hakina mwenyewe. Giza lake ni zuri kuliko la kifungo. Nimemshukuru mbele za watu. (Bado najiuliza anataka nini. Mtu hawezi kuwa hivi bure.)

Hospitali imetupa tarehe ya mama mkwe. Anaanza na jicho la kulia. Ameniambia daktari akimaliza tu, jambo la kwanza ni tone la maji, salamu baadaye.

Nikihesabu neema zangu naishiwa vidole: mke, mama mkwe, chumba, balbu, mpira, Mama Mkuu aliyesema kirudishe badala ya kusema toka. Nimejifunza mengi wiki hizi. Kuanzia leo nitasema kweli tu, na nisichokijua nitasema sikijui.


Jumapili, tarehe 16 Machi

Mwenyekiti amepiga simu! Mwenyewe!

Amesema bado anawaota wale wadudu. Kisha akaeleza kwamba anafuga kuku, na wamekuwa wakizubaa, hawali, wanasimama kama wanasikiliza redio. Daktari wa mifugo yuko safarini. Akauliza kama mtu wa hadubini anaweza kujua kinachowasumbua.

Nikamwambia amempigia mtu sahihi. Kuku ndiyo fani yangu ya kwanza, hadubini niliingia baadaye.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Ameuliza nimewahi kumshika kuku gani. Nikamwambia kuku si kitu cha kumtisha mtu aliyeshinda bodi nzima. Akarudi kwenye cherehani.

Wanaletwa kesho, kwa gari, wote. Nashukuru sana kwa kuaminiwa hivi. Nimeazima kitabu cha ufugaji na nimeanza kukisoma kwa bidii. Mpaka sasa nimefika ukurasa unaoonyesha upi ni upande wa mbele wa kuku.